"Thanks to you" yangu ya nia njema imeniumbua. Wenzangu, mnashukuruje kwa Kiingereza?

Nuru ya Jioni (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Nauleta uzi huu nikiwa bado naona haya. Niliomba ufadhili wa masomo, na mama mmoja aliyekuwa bosi wangu zamani akakubali kuniandikia barua ya kunipendekeza. Kiswahili hajui hata salamu, tunaelewana kwa Kiingereza tu. Majibu yakatoka, sikupata. Nikaona si adabu kumnyamazia mtu aliyetoa muda wake, nikamwandikia barua pepe. Nanakili kama ilivyokwenda, mnicheke mkimaliza:

"Dear Madam, thanks to you, I did not get the scholarship, but I learned many things. I am thanking you too much. I appreciate. May God pay you."

Kichwani mwangu nilikuwa nasema: asante kwako, ufadhili sikupata ila nimejifunza mengi, nakushukuru mno, Mungu akulipe. Haikupita saa moja akajibu:

"I'm so sorry to hear that. Was there a problem with my letter?"

Nimelisoma jibu hilo mara tatu. Mtu nimemshukuru, yeye anaomba radhi! Ndipo nikamwonyesha mdogo wangu, akashika kichwa. Anasema nimemlaumu.

Naomba msaada kwenye mambo mawili. Kwanza, wapi hasa nimeharibu? Pili, namwandikiaje tena bila kuzidi kuchimba shimo? Shule nimekwenda, Kiingereza nakisoma vizuri tu, ila nikitaka kushukuru natoa maneno ambayo najua kabisa hayakai sawa, na nashindwa kuona tatizo liko wapi.

Kipara Ngoto

"May God pay you" 😂😂 Yaani mshahara wake akadai mbinguni. Pole dada. Natandika mkeka hapa nisubiri wataalamu.

Kalamu Nyekundu

Mleta mada, usijilaumu sana. Kazi yangu ni kuhariri barua na ripoti za watu, na kosa lako hili naliona karibu kila wiki. Mzizi wake ni neno letu moja dogo: "kwa".

Hilo "kwa" ni mtumwa wa kazi zote. Asante kwa msaada, barua kwa mwalimu, kata kwa kisu, amefeli kwa uvivu. Neno ni lilelile na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu tumelizoea. Mwingereza kazi hizo amezigawa kwa watu tofauti. Kwenye kushukuru, mtu anayeshukuriwa na jambo linaloshukuriwa kila mmoja ana kihusishi chake: jambo ni "for", mtu ni "to". Na huyo "to" ana hila. Ukiweka "thanks to" mwanzoni mwa sentensi, si shukrani tena, ni kutaja sababu. "Thanks to your map, we arrived early" maana yake ramani yako ndiyo iliyotufikisha mapema. Hapo ni sifa kwa kuwa matokeo ni mazuri. Matokeo yakiwa mabaya, sentensi hiyohiyo inageuka kuwa lawama, tena lawama ya kejeli: "Thanks to you, we missed the bus", yaani wewe ndiye uliyetukosesha basi.

Sasa rudi kwenye sentensi yako. Ulichomwambia yule mama ni hiki: wewe ndiwe uliyenikosesha ufadhili, ila si neno, nimejifunza. Ndiyo maana akauliza kama barua yake ilikuwa na kasoro. Mimi ningeuliza hivyohivyo.

Cha kuchekesha ni kwamba ungeongeza kineno kimoja tu mbele, ukasema "My thanks to you", ungekuwa salama. Hapo "thanks" ni nomino, shukrani zangu, na "to" inaonyesha zinakwenda kwa nani.

Mengine nayapitia haraka.

"I am thanking you". Kiswahili "nakushukuru" inatosha, basi kichwa kinatafuta "na-" ya Kiingereza na kuleta "am ... ing". Lakini kushukuru ni tendo linalotimia papo hapo kwa kulitamka, kama kuahidi. Husemi "I am promising you", unasema "I promise". "I thank you" ni sahihi, ila ni ya jukwaani, mtu amesimama na karatasi mkononi. Ya kila siku ni "Thank you", ambayo asili yake ni hiyohiyo "I thank you" iliyodondosha kichwa.

"Too much". Mno ya Kiswahili inasifu, "too much" inalalamika. Ni kupita kiasi kinachofaa. Sema "so much" au "very much".

"I appreciate". Kitenzi hiki hakikai peke yake, kinadai kitu nyuma yake: "I appreciate it", "I appreciate your help". Ukiishia "I appreciate", msomaji anabaki anasubiri umalizie. Na kwenye maombi watu huisahau ile "it" hata waliobobea: ni "I would appreciate it if you could send me the form". Ukiitoa "it" sentensi ina pengo.

Hiyo ya Mungu niiache, wenzangu wataisemea.

Nuru ya Jioni

Kumbe nimemwambia yeye ndiye aliyenikosesha 🙈 Naomba mtu anichimbie shimo nijifukie mwenyewe.

Swali, Kalamu. Nikitaka kutaja kitendo, si kitu? Asante kwa kuniandikia. Ni "thank you to write" au "for write"?

Kalamu Nyekundu

Zote hapana. "For" ikitangulia, kitenzi kinavaa mkia wa -ing: "Thank you for writing". Chukulia "kuandika" yetu, ambayo ni kitenzi na ni nomino kwa wakati mmoja. Mwingereza nomino hiyo anaipata kwa -ing. Na ukitumia "thank" kama kitenzi, mtu anakuja moja kwa moja bila kihusishi: "I want to thank my teacher". Ile "thank to my teacher" ninaifuta kila siku mpaka wino unaisha.

Na usiseme "Thank you for that you helped me" kwa sababu Kiswahili kina "asante kwa kuwa umenisaidia". Mlango huo Kiingereza kimeufunga.

Ndimi Mbili

Nimefanya ukalimani miaka mingi, niongeze la upande wangu. Kalamu kamaliza sarufi, lakini hata mtu asiyekosea sarufi anaweza kushukuru kwa namna inayomshangaza msikilizaji. Shida inakuwa uzito.

Tuanze na neno lenyewe. Asante imetoka kwenye Kiarabu, "ahsanta", umefanya vizuri. Ndiyo maana wengine bado tunaandika ahsante na ile h. Sisi tukaichukua, tukaibandika hata "-ni" yetu ya wingi, ikawa asanteni. Kwa hiyo asili yake ni kumsifu mtendaji. "Thank" ya Kiingereza ni ndugu wa "think": asili yake ni kumfikiria mtu, kumweka moyoni. Hakuna sifa ndani yake.

Haya si mambo ya kamusi tu. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alimaliza kumsikiliza mkurugenzi wake akimweleza mradi kwa nusu saa, akasimama akasema "Well done, sir!" Alitaka kusema ahsante, umetufafanulia vyema. Mkurugenzi alicheka, ila "well done" kwa Kiingereza huwa inashuka: mwalimu kwa mwanafunzi, bosi kwa mfanyakazi, mzazi kwa mtoto. Ikipanda juu inakuwa kama umempa mkubwa wako alama za mtihani. Angesema "Thank you, that was really clear", angekuwa amesifu na kushukuru bila kumpima.

Halafu kuna mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimpelekea zawadi mama mmoja Mwingereza, kitambaa cha mezani, nimekikunja vizuri kwenye karatasi. Akafungua, akaweka mkono kifuani, akasema: "Oh, you shouldn't have!" Mimi nikasikia "hukupaswa". Nikaanza kujitetea kwamba sikujua kama si ruhusa, nikanyoosha mkono nikichukue. Yeye akakikumbatia kitambaa asinipe. Tulitazamana pale kama wagombea urithi. Baadaye nikaelewa kwamba ile ni "jamani, usingejisumbua" yetu kabisa. Sisi tunayo! Lakini ilikuja imevaa nguo nyingine, nikashindwa kuitambua.

Sentensi nyingine ya namna hiyo ni "Thank you for having me". Mgeni anaisema anapoaga, yaani asante kwa kunikaribisha. Ukiitafsiri neno kwa neno unapata "asante kwa kuwa na mimi", jambo ambalo sitaki kulifikiria zaidi.

Kipara Ngoto

Wagombea urithi 😂 Huyu mkalimani aendelee, mkeka wangu bado upo.

Mtu wa Zamu ya Usiku

Mimi kilichonitesa ni "thank you" ya kukataa. Ukiletewa kitu na huki­taki, Kiswahili unasema "asante" na kiganja kimeinuka kidogo, mtu anaelewa umekataa. Kwa Kiingereza nikasema "Thank you" na kiganja changu, kikombe kikajazwa. Mara ya pili, kikajazwa. Nikanywa vyote kwa heshima.

Ndimi Mbili

Zamu ya Usiku, hapo "thank you" tupu ni ndiyo. Kukataa lazima "no" iwepo: "No, thank you", au kwa marafiki "I'm fine, thanks", "I'm good, thanks". Kifaransa nacho kina mchezo kama wetu, "merci" ya peke yake mara nyingi ni hapana, kwa hiyo hatuko peke yetu.

Asiyeyumba

Samahani wadau, niwe mkweli. Naona hapa tunajidhalilisha bure. Kiingereza kina wasemaji dunia nzima na kila watu wanakisema kivyao. Nani kasema lazima tushukuru kama mtu wa London? Mimi nikishukuriwa nasema "Welcome" tu, miaka yote, na sijawahi kufa. Hiyo "You're welcome" ina faida gani?

Kalamu Nyekundu

Asiyeyumba, nakubaliana nawe nusu. Anayekuelewa kwa "Welcome" tupu, endelea naye, hakuna polisi. Nusu nyingine ni hii: "karibu" yetu inakaribisha mlangoni na inapokea shukrani, neno moja kazi mbili. Kiingereza "Welcome!" tupu ni ya mlangoni. Ukishukuriwa ukajibu hivyo, asiyekuzoea anaangalia kama ameingia mahali. Ni jambo dogo, haliui mtu. Lakini mleta mada amekuja hapa kwa sababu sentensi yake imemuumiza mwanamke aliyemfanyia wema. Si suala la kuiga London, ni suala la ujumbe kufika ulivyotoka.

Na ukiiandika, ni "You're welcome" yenye kile kikoma cha juu. "Your welcome" ni "karibu yako", hata wenyewe wanaikosea.

Asiyeyumba

Sawa, hapo kwenye ujumbe kufika nimekupata. Ila hata hao wenyewe hawakubaliani. Mmarekani ukimwambia "Cheers" anatafuta glasi.

Ndimi Mbili

Kweli kabisa 😄 Uingereza "Cheers" ni asante ya kawaida kwa aliyekushikia mlango, na "Ta" ni fupi zaidi. Kwa Mmarekani "Cheers" ni ya kugonganisha glasi. Naye Mmarekani ana "I appreciate you", ambayo Mwingereza anaweza kuisikia kama umemtongoza kidogo. Ndiyo maana kwa msomaji usiyemjua vizuri, "Thank you" ya kawaida haijawahi kumwangusha mtu.

Bint Karani

Naombeni mnisaidie "Thanks in advance". Ofisini kwetu kila barua pepe inaishia hivyo. Kuna mwenzangu kasema ni ukosefu wa adabu, tukabishana mpaka saa ya kutoka.

Kalamu Nyekundu

Hiyo ina kambi mbili na sitaweza kuzipatanisha. Wanaoipinga wanasema umeshukuru kabla hujakubaliwa, yaani umemfungia mtu mlango wa kukataa. Wanaoitumia wanasema ni adabu tu. Mimi naiacha kwa kazi ambayo ni wajibu wa mtu kuifanya, lakini fadhila siiombi hivyo. Kwa fadhila naandika "I'd be grateful if you could...", kisha shukrani kamili naitoa akishafanya.

Ila kuna shukrani za Kiingereza ambazo ni amri kabisa, jihadharini nazo. Kibao cha "Thank you for not smoking" si cha kukupongeza, kinakukataza. Na "I'll thank you to keep your voice down" ni mtu aliyekasirika: naomba upunguze sauti, tena sirudii. Nimewahi kuiona hii kwenye rasimu ya barua ya mtu mpole sana. Alitaka kusema "nitakushukuru ukinitumia nakala", akaandika "I will thank you to send me a copy". Niliwahi kuidaka kabla haijaondoka. Ingekwenda, angeonekana mtu wa shari.

Bint Karani

Mungu wangu. Nimeiandika hiyo. Mwezi uliopita. 😶

Nuru ya Jioni

Bint Karani, karibu shimoni, nimekuachia nafasi.

Wakuu nimeandika upya. Nimejitahidi iwe nzito ili aone nimejutia. Ikosoeni:

"Dear Madam, I would like to take this golden opportunity to express my heartfelt and sincere gratitudes for your wonderful assistance. I have nothing to pay you. I am forever indebted. Once again, receive my thanks."

Kalamu Nyekundu

Nuru, hii ni hotuba ya kufunga mkutano.

"Gratitudes" haipo, neno hilo halina wingi. "Thanks" nayo ni kinyume chake, haina umoja, ndiyo maana "Many thanks" inakubalika na "Many thank you" haikubaliki. "Golden opportunity" ni ya mtu aliyepewa kipaza sauti. "I have nothing to pay you" ni "sina cha kukulipa", kwetu inagusa moyo, lakini huko inasomeka kama mtu anayekwepa deni. Wao hapo husema "I can't thank you enough", haiwezekani nikushukuru ikatosha. Na "receive my thanks" ni "pokea shukrani zangu" iliyovuka mpaka bila pasi.

Kosa kubwa zaidi halimo kwenye neno lolote. Umemwaga sifa nne na hujataja alichofanya. "Assistance" gani? Sisi tunaonyesha uzito wa shukrani kwa kurudia na kuongeza: asante sana, nashukuru sana, sijui niseme nini, ubarikiwe. Kiingereza ukirundika hivyo msomaji anaanza kushuku kwamba umenakili mahali. Uzito wake wanaupata kwenye undani: taja kitu, taja kilikufaaje, nyamaza.

Nijibu maswali mawili. Ulimwomba barua siku ngapi kabla? Na ndani yake aliandika nini kilichokugusa?

Nuru ya Jioni

Nilimwomba siku mbili tu kabla ya mwisho, nilichelewa mimi. Aliikamilisha usiku uleule. Na aliandika kwamba wateja walikuwa wakipiga simu wananitaja kwa jina. Mimi mwenyewe sikulijua hilo.

Kalamu Nyekundu

Barua yako ndiyo hiyo uliyoniandikia mimi sasa hivi. Umeiandika kwa Kiswahili bila kujua.

Ndimi Mbili

Na ile ya Mungu akulipe, dada, kama unajua ni mtu wa imani, "God bless you" inapokelewa vizuri. Neno "pay" ndilo lililoharibu, linanuka pesa. Kama hujui imani yake, iombe kimoyomoyo, itafika.

Nuru ya Jioni

Nimejaribu tena, safari hii nimeanza na yale mawili:

"Dear Madam, I'm sorry my last message came out wrong. There was nothing wrong with your letter. Thank you so much for writing it in one night, when I had asked so late. I didn't know that customers used to call and ask for me by name. I have read that line many times. I didn't get the scholarship this time, but I'm glad I have that letter."

Kalamu Nyekundu

Sina la kufuta. Tuma.

Bint Karani

Mimi hiyo sentensi ya "that line" imenigusa na wala si bosi wako.

Kipara Ngoto

Hakuna Mungu kulipa humu, mkeka wangu nimeukalia bure. Ila imetulia.

Nuru ya Jioni

Wakuu, kajibu! Naweka:

"Oh, of course! Any time. I meant every word. Please try again next year and let me know early!"

Nimefurahi, lakini hiyo "of course" mbona kama anasema "najua bwana, ulitegemea nini"? Amekasirika?

Ndimi Mbili

Hapana dada, hiyo ni "karibu" yake. Ni kama kusema: ningeachaje kukufanyia? "Any time" nayo ni hiyohiyo, rudi wakati wowote. "I meant every word" maana yake hakukupamba. Na mwishoni amekuchokoza kidogo kuhusu kuchelewa.

Kipara Ngoto

Sasa mjibu "asante kushukuru". "Thanks for thanking", au siyo?

Kalamu Nyekundu

Nuru, usimsikilize Kipara. Usijibu kitu, hapo pameshafungwa. Mwakani mwandikie mapema.